Njia ya Kushuka na Njia ya Kupanda

Safari za wanadamu ni za namna mbili. Iko safari ambayo mwisho wake uko mbali na mwanzo wake, kama ya mfanyabiashara aendaye mji wa pili kuuza korosho zake, au ya kijana aendaye shule ya mbali na sanduku lake begani. Na iko safari ambayo mwisho wake ni pale pale ilipoanzia. Ya kwanza haihitaji mtetezi, kwa kuwa kila mtu huiona faida yake. Ya pili huulizwa maswali. Mtu atokaye nyumbani kwake alfajiri, akashuka mlima, akapita bondeni, akapanda mlima tena kwa njia nyingine, na kabla ya adhuhuri akawa amesimama mlangoni pake mikono mitupu, amekwenda wapi? Na kama hakwenda mahali, miguu yake imechoka kwa ajili ya nini?

Swali hili si la mzaha katika nchi ya Chidya. Huko mlima hushukwa na kupandwa kila siku, na kila aupandaye ana sababu yake kichwani au mgongoni. Kwa hiyo mtu apandaye bila ya sababu huonekana kama mtu achekaye peke yake: yamkini ana furaha, yamkini ana wazimu, na wenzake hawana budi kumtazama mara mbili kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Chidya iko katika wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara, upande ambako nchi ya chini ya Masasi hukutana na miinuko ya uwanda wa Makonde. Jina lake lilijulikana mbali kwa ajili ya elimu. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoitwa kwa kifupi UMCA, iliweka huko chuo cha Mtakatifu Yosefu, na vijana wengi wa lililokuwa Jimbo la Kusini la Tanganyika walikipandia kilima hicho kwa miguu ili wasome. Leo pana shule ya sekondari ya serikali. Lakini kabla ya shule, na kabla ya misheni, palikuwa na njia. Na njia hizo ndizo zinazostahili kuzungumzwa, kwa kuwa hazina mtu wa kuziandikia historia.

Ili kuzielewa njia hizo ni lazima kwanza kuielewa nchi yenyewe. Uwanda wa Makonde ni kama meza iliyoinuliwa upande mmoja. Kutoka karibu na bahari huinuka polepole kuelekea magharibi, hata katika nchi ya Newala ukafika zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Kisha hukatika ghafla, na chini yake huonekana bonde la mto Ruvuma na, ng'ambo yake, nchi ya Msumbiji. Pale Newala uko ukingo ambao watu wameuita Shimo la Mungu, na asimamaye hapo hahitaji kuelezwa sababu ya jina hilo. Mvua katika uwanda huo si haba. Hukaribia milimita 1,000 kwa mwaka, nayo hunyesha tangu mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa Aprili. Mgeni asikiaye habari hiyo hudhani kwamba watu wa juu wana maji ya kutosha. Hawana. Ardhi ya uwanda ni mchanga mwekundu wenye kiu isiyokwisha. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa yote, hauachi kijito wala ziwa. Maji hushuka ndani ya ardhi mpaka yakutane na tabaka la udongo mzito usiokubali kupitisha kitu. Hapo, yakiwa yamekataliwa kwenda chini, huenda ubavuni, na mwisho hutokeza nje katika miteremko kama chemchemi. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa: mashamba na nyumba viko juu, maji yako chini, na kati ya kiu na kinywaji pana mlima.

Mwaka 1906 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Masasi, kisha akakaa Newala majuma kadhaa akichunguza maisha ya Wayao, Wamakua na Wamakonde. Naye alistaajabu kama wageni wote: kwa nini watu wenye akili timamu wajenge mbali namna hii na maji? Akasimuliwa hadithi ambayo aliiandika katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1908. Hapo kale, kwa mujibu wa hadithi hiyo, alikuwako mtu mmoja aliyeishi porini peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Siku moja alichonga sanamu kwa mti, akaisimamisha karibu na makao yake. Usiku ikawa mwanamke hai, akawa mkewe. Wakashuka bondeni wakaoga katika mto Ruvuma, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, na mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Ndipo walipopanda juu kwenye nchi ya vichaka, na mtoto wa tatu akaishi. Yule mzee wa kwanza akawausia watoto wake wasijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa kuwa ugonjwa na mauti hukaa huko. Bali nyumba zao ziwe mbali na maji, mwendo wa saa moja au zaidi.

Msomaji wa leo anaweza kuicheka hadithi hii, walakini akiipima atakuta kwamba ndani ya ganda lake mna kokwa. Mabonde ya nchi ya joto yana mbu, na mbu ana homa. Kadhalika mabonde yalikuwa njia za misafara na za majeshi, na mtu aliyejificha katika vichaka vya uwanda alikuwa vigumu kupatikana. Wazee hawakuwa na darubini ya kuonyesha vijidudu, lakini walikuwa na makaburi ya watoto, na makaburi ni mwalimu. Walichagua kiu kuliko msiba. Gharama ya uchaguzi huo ililipwa kila siku, na ililipwa kwa miguu. Na miguu iliyolipa, aghalabu, ilikuwa ya wanawake na ya watoto wa kike.

Kutokana na malipo hayo ndiko njia ya mzunguko ilikozaliwa. Wako wadhanio kwamba njia inayotoka kijijini, ikashuka, ikazunguka na kurudi kijijini, ni uzushi wa watu wenye nafasi nyingi na kazi chache. Wengine hulihusisha jina lenyewe la Mzungu na kitendo cha kuzunguka, kana kwamba kuzunguka ni tabia ya wageni. Dhana hii haina uzito mbele ya mlima. Fikiri hali ya mtu aendaye kisimani. Anaposhuka, chombo chake ni kitupu, mwili ni mwepesi, na jua halijawa kali. Mtu huyo huchagua njia fupi, hata kama ni ya mteremko mkali wenye mawe na mizizi, maana anaweza kushika mti, kuruka gogo, na kujikwaa bila ya hasara. Anaporudi, ndoo imejaa. Lita 20 za maji ni kilo 20, na maji ni mzigo usiotulia; hucheza, humvuta mtu upande huu na upande huu. Sasa njia fupi ni adui. Hutafutwa njia nyingine, ndefu lakini ya taratibu, inayoupanda mlima kwa ubavu, yenye mahali pa kupumzikia na kivuli cha kusimama chini yake. Njia ya kushuka ikawa moja, na njia ya kupanda ikawa nyingine. Na hizo mbili zikiungwa juu na chini hufanya mviringo. Katika miteremko ya namna hii duara halikuchorwa na starehe. Limechorwa na uzito wa maji.

Lugha yenyewe hutoa ushahidi. Kile kipete cha majani au cha nguo ambacho mchukuzi hukiweka kichwani ili mzigo utulie huitwa kata. Na kile chombo cha kifuu chenye mpini kitumiwacho kuteka maji nacho huitwa kata. Wenye kamusi huyahesabu haya kuwa maneno mawili yaliyokutana kwa sura tu. Mwanamke ainamaye kisimani ana kata moja mkononi na kata nyingine kichwani, na kazi yake haijamalizika mpaka zote mbili zimefanya zamu yake.

Sasa na tuitazame njia yenyewe kama aionavyo mtu aiendeaye kwa mara ya kwanza, katika miezi ya kiangazi baina ya Juni na Septemba, wakati ambapo nyasi zimekauka na udongo hautelezi. Mtembezi mwenye busara huanza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na sababu yake si ushujaa. Miteremko ya upande wa magharibi huamka katika kivuli. Jua limekwisha chomoza nyuma ya uwanda, lakini halijaufikia ubavu wa mlima. Kwa muda wa saa moja na zaidi mtu hushuka katika hewa ya baridi kana kwamba usiku umemwekea akiba. Achelewaye akaanza saa nne hupoteza akiba hiyo, na apandaye mchana hulipa pamoja na riba, kwa kuwa baada ya adhuhuri jua la magharibi huupiga mteremko ule ule usoni.

Mwanzoni njia hupita kati ya mikorosho. Mti huu uliletwa katika mwambao wa Afrika ya Mashariki na Wareno kutoka Brazil, na leo ndio benki ya watu wa Masasi na Newala. Mavuno yake huanza mnamo Septemba au Oktoba. Kabla ya hapo, mashamba hunukia maua, na chini ya miti hufyekwa hata pakawa safi kama ua wa nyumba. Baada ya mikorosho huja mihogo, kisha vichaka, na hapo mchanga huanza kuteremka chini ya unyayo. Hapa mtembezi hujifunza somo la kwanza la mlima: kushuka si kupumzika. Apandaye hulalamikiwa na mapafu, ashukaye hulalamikiwa na magoti, na malalamiko ya magoti huchelewa kufika lakini hayaondoki upesi. Wenyeji hushuka kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, macho hayatazami mguu bali mahali mguu utakapokuwa baada ya hatua tatu. Methali husema kwamba mwenda pole hajikwai. Yeyote aliyeshuka mlima na mzigo anajua kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu aliyewahi kujikwaa.

Njia ni nyembamba, ya kupita mtu mmoja nyuma ya mwingine, na haiendi moja kwa moja. Hapa hujipinda bila ya sababu ionekanayo. Lakini sababu ilikuwako: pengine mti ulianguka hapo zamani, watu wakauzunguka, mti ukaoza ukawa udongo, nayo miguu ikaendelea kuuzunguka mti usiokuwapo. Njia hukumbuka yale ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Kadhalika, mahali fulani chini ya mteremko msafiri hukuta miembe mikubwa iliyosimama peke yake, hakuna nyumba wala kibanda karibu. Miembe hiyo haikujiotesha kwa mpango. Palikuwa na mji hapo. Katika miaka ya 1970, watu walipokusanywa katika vijiji vya ujamaa, makao mengi ya namna hiyo yaliachwa. Kuta za udongo zilirudi kuwa udongo, walakini miembe haikupata amri ya kuhama. Mpaka leo huzaa kila mwaka, na watoto wa kijiji kipya huenda kula embe za babu zao bila ya kujua kwamba wamekwenda nyumbani.

Bondeni ardhi hubadilika. Mchanga mwekundu umebaki juu, na sasa pana udongo mzito, na penye makorongo huonekana mwamba wa kale, mgumu na wa kijivu, ulio chini ya yote. Kwa mwendo wa saa mbili mtembezi amesoma kurasa mbili za kitabu cha ardhi ambazo mwanafunzi darasani huzisoma kwa muhula mzima. Na akigeuka kutazama nchi ya magharibi, ataona milima ya Masasi imesimama katika uwanda wa chini, kila mmoja peke yake, mawe matupu yenye migongo ya mviringo, kama visiwa katika bahari isiyo na maji. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mwanachuoni wa miamba aliyezunguka sehemu hizi, ndiye aliyeipa milima ya namna hii jina mwaka 1900, neno la lugha yake lenye maana ya mlima-kisiwa, na tangu hapo wataalamu wa dunia nzima hulitumia neno hilo kwa milima kama hiyo, iwe Brazil au Australia. Watu wachache wa Masasi wajua kwamba mandhari ya kusini ya nchi yao imekuwa kamusi ya mataifa.

Mtazamo huo wa milima ya Masasi haumwachi mtu na uzuri peke yake, kwa kuwa nchi ile ilipitiwa na miguu ambayo haikuchagua kupita. Kwa miaka mingi katika karne ya kumi na tisa misafara ya watumwa ilitoka upande wa ziwa Nyasa ikielekea Kilwa na bandari nyingine za pwani ya kusini. Mwaka 1866 David Livingstone alipanda kutoka Mikindani kufuata Ruvuma, na katika safari hiyo alikutana na alama za biashara ile kando ya njia. Hapa ndipo tofauti ya zile namna mbili za safari inapoonekana kwa uchungu wake wote. Mtumwa alikwenda mwendo mrefu kuliko watu wote, lakini mwendo wake ulikuwa na upande mmoja tu. Hakuna aliyemwonyesha njia ya kupanda baada ya njia ya kushuka. Utumwa, ukiondolewa minyororo na mijeledi, bado hubaki kuwa safari iliyonyimwa marejeo.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyechapisha mjini London mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Kiswahili na kitabu cha sarufi ya lugha hii, alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapanda nao kutoka Lindi. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Nyasa, ambako wengi wao walichukuliwa. Walipofika Masasi waliona nchi inafanana na ile waliyoikumbuka, wakasimama hapo wakajenga. Ndio mwanzo wa misheni ya Masasi. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Wangoni walioitwa Magwangwara waliushambulia mji huo, na baadhi ya watu waliokwisha kombolewa mara moja walitekwa tena. Baada ya hapo misheni ilihamia Newala, chini ya hifadhi ya chifu Matola. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipowaka, misheni ya Masasi iliteketezwa. Watu hao walipiga hatua nyingi kuelekea nyumbani, lakini duara lao halikufungwa. Wengi wao walikufa karibu na nyumbani bila ya kufika.

Anayeyakumbuka haya hawezi tena kusema kwamba kutoka na kurudi pale pale ni kazi bure. Methali ya wana-maji husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu huisema kwa kumwonya mtu mwenye kutangatanga, lakini ndani yake mna neema pia: kuwa na ngama ya kurejea. Mtu aliye huru hupimwa si kwa umbali anaoweza kwenda tu, bali kwa uwezo wake wa kugeuka anapotaka na kukuta mlango wake unamngoja.

Walakini hoja hiyo haijalimaliza swali, imeligeuza tu. Maana kati ya mtembezi mwenye mikono mitupu na mwanamke mwenye ndoo kichwani, ambao wote wawili wako katika njia moja na wote wawili watarudi walikotoka, ipo haya isiyosemwa. Njia ambayo kwa mmoja ni burudani ya asubuhi, kwa mwingine ni kodi. Mazungumzo ya namna hii yaweza kusikika katika miteremko ile:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwema utokako?"

"Kwema, bibi. Habari za huku?"

"Njema. Waenda msibani?"

"La, bibi."

"Una mgonjwa huko bondeni?"

"Sina, bibi. Natembea tu. Nimeshuka kwa huku, nitapanda kwa kule."

Bibi husimama, akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. Hakasiriki wala hacheki. Kisha husema kwa upole: "Basi maadamu mikono yako ni mitupu, na njia yako ndiyo yangu, nipokee ndoo hii mpaka pale kwenye mwembe."

Katika maneno hayo machache mna hukumu ya haki kuliko hotuba nyingi. Bibi hakukataza matembezi. Hakusema kwamba furaha ya kijana ni dhambi kwa kuwa yeye amechoka. Aliona jambo moja tu, kwamba njia ni moja na mikono iko minne, na miwili kati ya hiyo haina kazi. Na kijana aliyeichukua ndoo hiyo, hata kama hakufika nayo kwenye mwembe bila ya kumwaga nusu, hujua tangu siku ile kwa nini njia ya kupanda imejipinda pale inapojipinda, jambo ambalo asingalilijua kwa kuitembea mara 100 mikono mitupu.

Tena lugha ya Kiswahili ilikwisha kulitatua jambo hili kabla ya wanafalsafa. Kitenzi kutembea maana yake ni kwenda kwa miguu, na pia kwenda bila ya shughuli. Lakini kiongezwe kiungo kidogo tu, kikawa kutembelea, na mara moja hudai mtu: humtembelea nani? Kikiongezwa tena kikawa kutembeleana, huwa ni ujirani mwema. Kwa hiyo katika fikira za wasema Kiswahili mwendo usio na haja haukai peke yake muda mrefu. Hutafuta mtu wa kumfikia. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, husema methali nyingine, kwa kuwa mtembea bure huenda akaokota. Na kitu cha kwanza aokotacho, akiwa na macho, ni mwenzake.

Ziko habari njema katika jambo hili, nazo zina upande wa pili unaostahili kufikiriwa. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kupandisha maji kwa pampu kutoka bondeni hadi juu ya uwanda wa Makonde, na tangu miaka ya 1970 nchi ya Finland iliisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi katika kazi ya visima na mabomba. Kila bomba lililotoa maji kijijini liliziondolea shingo nyingi mzigo, na liliwapa wasichana wengi saa za kukaa darasani. Hakuna mtu mwema atakayetamani siku za mtungi zirudi ili njia ipendeze. Kisha zikaja pikipiki, nazo hupita barabara pana, hazipendi mizizi wala mawe. Hivyo njia za mteremko zinapungukiwa na miguu. Na njia isiyokanyagwa haichukui muda mrefu kufa. Mvua za msimu mmoja huichimba, nyasi za msimu wa pili huifunika, na katika msimu wa tatu mtoto aliyezaliwa nyumba ya jirani hajui kwamba ilikuwako.

Je, hiyo ni hasara? Mtu aweza kusema kwamba njia ya taabu ikifa na taabu yake, lililobaki ni kushukuru. Lakini njia haikubeba taabu peke yake. Ilibeba maarifa ya mahali chemchemi zilipo, na bomba likivunjika au mafuta ya pampu yakikosekana, maarifa hayo hutafutwa kwa haraka na hayapatikani. Ilibeba majina ya makorongo na ya mawe, katika Kimakua na Kimakonde na Kiyao, ambayo hayakuandikwa katika ramani yoyote. Ilibeba kumbukumbu ya wanawake walioifanya, ambao hawana mnara wala mtaa uitwao kwa majina yao. Kazi yao yote ya maisha iliandikwa ardhini kwa nyayo, na ardhi ndiyo daftari pekee walilopewa. Kuiacha njia hiyo ife kimya ni kuwafuta mara ya pili.

Ipo basi sababu njema ya kuitembea njia ya mzunguko, hata kwa mtu asiye na ndoo, wala hakuna haja ya kuiona aibu. Shule zilizo katika miinuko ile zingeweza kuifanya kuwa darasa la jiografia na historia kwa asubuhi moja kila muhula, wanafunzi wakishuka na mwenyeji mzee awaambiaye jina la kila korongo, na mmoja wao akiyaandika. Wageni wapendao milima wangeweza kuletwa, mradi waongozwe na watu wa kijiji na walipe kijiji. Na mtembezi wa peke yake angejiwekea sheria chache zisizo nzito: asalimie kwanza, hasa akiwa mdogo, ampishe mwenye mzigo, kwa kuwa ni rahisi kwa mwepesi kuingia majanini, asinawe juu ya mahali watu watekapo, na tawi lililoanguka njiani aliondoe, asiliruke. Akipata ndoo ya kupokea, aipokee. Hiyo ndiyo kodi ya njia, na ni ndogo mno ikilinganishwa na iliyokwisha kulipwa.

Mnamo saa tano ya asubuhi, aliyeanza mapema huwa anaimaliza njia ya kupanda. Mchanga mwekundu umerudi chini ya miguu, mikorosho imeonekana, na moshi wa jiko unapanda wima katika hewa isiyo na upepo. Huko nyuma yake, chini ya mwembe, kuna mtu amesimama kupumzika, ameshika kiuno, ndoo yake iko juu ya jiwe. Kati yake na kijiji bado pana mpando mmoja.